Mercedes E-Class ya W211 iliyozeeka: hitilafu za kukagua kabla ya kutoa fedha

Mercedes-Benz E-Class ya kizazi cha W211, ile yenye taa nne za mviringo mbele iliyotengenezwa kati ya 2002 na 2009, sasa inauzwa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa bei ambayo mara nyingine hailingani hata na ya gari dogo la Kijapani lenye umri mdogo zaidi. Mnunuzi huiona bei hiyo akadhani amepata gari la kifahari kwa gharama ya gari la kawaida. Lakini kilichoshuka ni thamani ya gari peke yake. Spea zake hazikushuka nayo, wala saa za fundi anayelifahamu hazikupungua, na kwa hiyo hitilafu moja kubwa inaweza kudai fedha zinazokaribia nusu ya bei ya gari lenyewe.

Maoni yanayosikika kuhusu gari hili hupingana kabisa: mmoja atakuambia ni gari la kudumu, mwingine atakuapia kwamba lilimfilisi. Wote wawili huenda wanasema kweli, kwa sababu jina moja la W211 limefunika magari yanayotofautiana sana kwa injini, giaboksi, mfumo wa breki na springi. Mbaya zaidi, sifa njema hazikukusanyika katika gari moja. Injini ya V6 iliyo imara zaidi ilifungwa katika magari yenye mfumo wa breki wenye matatizo, na breki zilipobadilishwa kuwa za kawaida, injini mpya ilikuwa imeingia ikiwa na udhaifu wake. Kwa hiyo anayetafuta W211 isiyo na doa atahangaika bure. Linalowezekana ni kujua gari lililo mbele yako limebeba tatizo lipi, na kama tatizo hilo limeshatibiwa au bado linamngoja mwenye gari ajaye.

Ndiyo maana ukaguzi unaanzia kwenye namba, kabla hata ya kufungua boneti. Namba ya chesisi ya magari mengi ya aina hii huanza na WDB, ikafuatiwa na 211, kisha tarakimu tatu zinazotaja toleo: 042 ni E200 Kompressor ya miaka ya mwanzo na 041 ni ile ya baadaye, 061 ni E240, 065 ni E320, 054 ni E280, 056 ni E350 na 070 ni E500. Tarakimu inayofuata huonyesha upande wa usukani, ambapo 1 ni kushoto na 2 ni kulia. Magari yaliyojengwa kwa soko la Marekani yana mpangilio tofauti. Nembo iliyobandikwa kwenye buti isikushughulishe sana, kwa kuwa nembo hununuliwa dukani kama pambo jingine lolote.

Mwaka wa kutengenezwa nao usichanganywe na mwaka wa kusajiliwa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza, na hivyo W211 yoyote inayouzwa huko leo imeshaishi nchini kwa miaka mingi. Muuzaji anayedai gari “limetoka Japani juzi” ajibiwe kwa kuombwa karatasi. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania imechagua njia ya kutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu badala ya kuyazuia. Katika nchi zote tatu, basi, historia inayofaa kuulizwa ni ile ya hapa nyumbani: nani alilitengeneza, lini, na kwa spea gani.

Breki ndizo za kwanza kushughulikiwa, maana zinahusu uhai kabla ya kuhusu mfuko. Magari yaliyotengenezwa hadi katikati ya 2006 yana mfumo unaoitwa SBC, ambao Mercedes iliuunda pamoja na kampuni ya Bosch. Katika mfumo huu mguu wa dereva hausukumi moja kwa moja mafuta ya breki. Sensa hupima jinsi pedali ilivyokanyagwa, kompyuta hukadiria nguvu inayohitajika katika kila gurudumu, na pampu ya umeme iliyokwisha kujaza shinikizo kwenye hifadhi yake ndiyo inayotekeleza kazi. Ufundi wenyewe ulikuwa mzuri ajabu, lakini pampu ilipewa ukomo wa maisha. Kompyuta huhesabu kila mara breki inapokanyagwa, na hesabu inapofika takriban 300,000, dashibodi huonyesha onyo jekundu la kumtaka mwenye gari aende gereji, hata kama breki bado zinashika vizuri. Mfumo ukizimika kabisa, breki hurudi kwenye njia ya dharura ya mafuta inayofanya kazi kwenye magurudumu ya mbele tu, huku pedali ikizama mbali zaidi na kudai nguvu kubwa ya mguu.

Kampuni yenyewe ilikiri uzito wa jambo hili. Mwaka 2004 iliyaita gereji magari yapatayo 680,000 kwa ajili ya SBC, na mwaka 2005 ikatoa mwito mkubwa zaidi wa magari milioni 1.3 uliohusisha pia alteneta na programu ya kusimamia betri. Baadaye, mwaka 2018, wenye magari haya nchini Marekani waliongezewa dhamana ya SBC hadi miaka 25. Dhamana hiyo haimfikii mnunuzi wa Kariakoo au Ngong Road, ambaye pampu ikimfia atagharimia mwenyewe.

Kutambua kama gari lina SBC si vigumu. Ukiona nyuma ya injini, upande wa dereva, lile bakuli kubwa la busta lililozoeleka katika magari mengi, gari lina breki za kawaida. Penye SBC bakuli hilo halipo, na ukifungua mlango wa dereva katika mahali penye utulivu utasikia pampu ikinguruma kwa sekunde chache ikijaza shinikizo. Mngurumo mfupi ni dalili ya afya. Ukirudiarudia kila baada ya kukanyaga breki mara moja au mbili, hifadhi ya shinikizo imechoka. Lililo la lazima zaidi ni kusoma kaunta kwa mashine ya kompyuta inayoelewa mfumo wa Mercedes, na kuangalia kama kuna msimbo C249F unaoashiria kwamba ukomo umepitwa. Hapa pana mtego: wapo mafundi wanaoirudisha kaunta hadi sifuri bila kugusa pampu. Onyo hutoweka, gari huuzwa, na uchakavu hubaki palepale. Gari la SBC lenye kaunta ndogo na lisilo na risiti ya pampu nyingine linatia shaka zaidi kuliko lile lenye kaunta kubwa lakini mwenyewe anaieleza waziwazi.

Nyongeza moja kwa atakayekuwa na fundi wa mtaani: katika SBC, pedi hazibadilishwi kabla mfumo haujazimwa kwa kompyuta. Mfumo huweza kujiamsha wenyewe, kwa mfano mlango unapofunguliwa, ukasukuma pistoni kwa nguvu inayotosha kuponda vidole.

Baada ya breki huja injini, na hapa ndipo ule mgongano wa sifa unapoonekana vizuri. E240 na E320 za petroli zilikuwa na injini ya M112, V6 yenye plagi mbili kwa kila silinda, yaani plagi 12 kwa jumla, ambayo ikibadilishiwa oili kwa wakati hufika kilomita nyingi mno bila kufunguliwa. Kasoro zake ni za uzee wa kawaida. Oili huvuja kwenye gaskiti za kava za vali na kwenye vifuniko vidogo vya kupumulia vilivyo juu yake, sensa ya kranki huchoka kwa joto hadi gari likawa linazimika na kukataa kuwaka mpaka lipoe, na puli ya kranki yenye mpira ndani hutengana ikaanza kuyumba. Puli hiyo itazamwe injini ikiwa inaunguruma, kwa sababu ikikatika inaweza kukata na vilivyo karibu nayo. Yote hayo hutengenezeka bila kushusha injini. Taabu ni kwamba matoleo haya mawili yalikoma kabla ya SBC kuondolewa, na hivyo anayeipenda M112 katika W211 lazima aipokee na pampu yake.

Injini ya M272 iliyochukua nafasi yake katika E280 na E350 ina nguvu zaidi na ni laini zaidi barabarani, ila matoleo yake ya mwanzo yana udhaifu mzito. Ndani yake mna balansi shafti, mhimili unaozunguka kupunguza mtetemo, na sproketi yake ilitengenezwa kwa chuma kisichohimili msuguano wa cheni. Meno yakilika, cheni hulegea, muda wa kufunguka kwa vali hupotoka, na taa ya injini huwaka ikiwa na msimbo 1200 au 1208. Gari linaweza kuendelea kutembea vizuri tu kwa muda mrefu katika hali hiyo, na ndiyo sababu wauzaji wengi huifuta misimbo asubuhi ya siku ya ukaguzi. Sproketi yenyewe ni kitu kidogo. Kinacholiza ni kwamba kuifikia kunadai injini ishushwe chini. Injini zilizoathirika ni zile ambazo namba zake huanza na 2729, na tarakimu sita za mwisho, zinazokuja baada ya 30, ziko chini ya 468993. Kwa V8 ya M273 sehemu inayolika ni gia nyingine katika njia ya cheni, na mpaka wake ni 088611. Namba ya injini isomwe kwenye bloku yenyewe ilinganishwe na ile ya kadi, kwani injini nyingi zilikwisha kubadilishwa.

Kwa gari lililo chini ya mpaka huo, maswali yanayobaki ni mawili: je, kazi hiyo ilishafanywa na pana ushahidi, au meno bado hayajalika? La pili linaweza kuchunguzwa bila kufungua injini. Fundi anayejua huondoa sensa za kemshafti (mihimili inayofungua vali) zilizo mbele ya injini, huzungusha kranki hadi alama yake, kisha hutazama kama alama za kemshafti zinaonekana katikati ya matundu. Zikiwa zimesogea, mazungumzo ya bei yanaanzia kwenye gharama ya kushusha injini, au yanaishia hapo. M272 ina kasoro nyingine nyepesi kiasi: themostati hukwama wazi na injini ikashindwa kufikia joto lake, na vibao vya plastiki ndani ya manifoldi ya hewa huvunjika, jambo linalolazimu manifoldi nzima ibadilishwe.

E200 Kompressor inawavutia wengi kwa kuwa injini yake ya lita 1.8, M271, inaonekana ndogo na rahisi. Si rahisi kama inavyoonekana. Cheni yake hurefuka, hasa pale oili ilipoachwa izeeke, na dalili ni mkwaruzo wa sekunde kadhaa injini inapowashwa ikiwa baridi. Sumaku za kemshafti, zinazorekebisha muda wa kufunguka kwa vali, huvujisha oili, nayo oili hupenya ndani ya nyaya na kusafiri taratibu kuelekea kwenye kompyuta ya injini. Chomoa plagi ya umeme ya sumaku hizo utazame. Ikiwa kavu, vizuri. Ikiwa imelowa oili, uliza imelowa tangu lini, na waya umechunguzwa hadi wapi. Dizeli ni chache katika masoko yetu, kwa hiyo nitazitaja kwa ufupi: katika V6 ya OM642 chunguza uvujaji wa oili kutoka kwenye sili za kipoza oili kilichofichwa katikati ya silinda, na katika dizeli zote tazama kama kuna masizi meusi yaliyoganda kuzunguka nozeli.

Giaboksi za automatiki ni mbili. Ile ya gia tano, 722.6, ni imara, lakini magari ya miaka ya mwanzo yalifungwa rejeta za Valeo ambazo zingeweza kupasuka kwa ndani, mahali ambapo maji ya rejeta na mafuta ya giaboksi hupita jirani. Maji yenye kemikali ya kupoza yakishaingia kwenye mafuta hayo, huharibu vitambaa vya klachi, na gari huanza kutetemeka kana kwamba linapita juu ya matuta madogo unapolikanyaga taratibu kwenye mwendo wa wastani. Muuzaji atasema ni plagi. Mtetemo huo ukiuhisi, sampuli ya mafuta ya giaboksi ichukuliwe na rejeta itazamwe ni ya nani. Uvujaji mwingine wa 722.6, ule unaotoka kwenye soketi ya umeme iliyo ubavuni mwa giaboksi, hutibiwa kwa pete za mpira za bei ndogo. Ila ukiachwa muda mrefu, mafuta nayo hupanda kwa waya hadi kwenye kompyuta ya giaboksi.

Ya gia saba, 722.9, ilianza kutumika mwishoni mwa 2003, na udhaifu wake mkubwa uko katika sahani ya umeme iliyomo ndani ya giaboksi pamoja na kompyuta yake. Sensa za mwendo zikifa, gari hukwama kwenye gia moja na kukataa kubadilisha. Spea hiyo haibandikwi tu na kuondoka. Sharti ilinganishwe na gari husika kwa kompyuta, na ile iliyong'olewa kwenye gari lililokufa inaweza kukataa kufanya kazi mpaka isafishwe kumbukumbu zake. Kwa giaboksi zote mbili, kauli kwamba mafuta yake ni ya maisha yote ipuuzwe. Iliwahi kusemwa na watengenezaji, wakaiacha wenyewe.

Springi za hewa, Airmatic, ni za kawaida katika E500 na zilikuwa za hiari katika nyingine. Mpira wa mfuko wa hewa hupasuka kwa umri, wala hautegemei kilomita pekee, na mfuko unapovuja kompresa hulazimika kufanya kazi kupita kiasi hadi iungue. Kwa hiyo anayebadilisha kompresa bila kutafuta mfuko unaovuja ataiunguza na ya pili. Kipimo chake ni cha subira: gari liegeshwe mahali tambarare jioni, nafasi kati ya tairi na fenda ipimwe kwa kila upande, na ipimwe tena asubuhi kabla mlango haujafunguliwa. Kona iliyolala imekwisha jieleza. Baadhi ya magari yamekwisha ondolewa hewa yakafungwa springi za chuma. Sioni ubaya wa uamuzi huo kwa barabara zetu, mradi umefanywa kwa springi zinazolingana na uzito wa gari na bei ikazingatia kwamba mfumo wa asili haupo. Boljointi, bushi na tai rodi zitakuwa zimechoka katika gari lolote la umri huu, na gharama yake inavumilika.

Umeme unawatisha watu kuliko unavyostahili. Magonjwa mengi ya ajabu ya W211, taa zinazojiwasha, vioo vinavyogoma, maonyo yanayokuja na kutoweka, hutokana na betri dhaifu au ya ukubwa usiofaa. Betri kuu imo kwenye buti, na magari ya SBC yana betri ndogo ya pili ambayo mara nyingi husahaulika hadi ife. Kinachostahili hofu ni maji. Inua zulia la buti na la miguuni mwa abiria, pekua kama kuna unyevu au harufu ya ukungu, kwani visanduku vya umeme viitwavyo SAM, kimoja mbele na kingine kwenye buti, vikishaota kutu ndani havitabiriki tena. Gari lenye paa la kioo lichunguzwe zaidi, maana mirija yake ya kutoa maji huziba kwa vumbi. Na tenki lijazwe hadi juu kabla ya kufanya majaribio: harufu ya petroli baada ya hapo inaonyesha sili za tenki zimepasuka. Kutu haijaliandama gari hili kama ilivyomwandama mtangulizi wake, W210, lakini lililokaa pwani au lililotoka Uingereza linyanyuliwe na fremu ndogo ya nyuma igongwegongwe.

Ukaguzi wenyewe ufanyike injini ikiwa baridi kabisa, na wewe ndiye uiguse boneti kabla haijawashwa. Injini iliyokwisha pashwa moto huficha kelele ya cheni, na iliyooshwa kwa presha asubuhi huficha uvujaji. Kifaa kidogo cha kusoma misimbo kinachouzwa kwa bei ya chini hakitoshi, kwa sababu kinasoma injini tu na kuziacha breki, giaboksi na SAM. Tafuta fundi mwenye mashine inayozungumza na kompyuta zote za Mercedes, akuonyeshe pia kama misimbo ilifutwa karibuni, na endesha gari kwa muda unaotosha kuipa misimbo nafasi ya kurudi.

Kuhusu kilomita, dashibodi si shahidi pekee. Kompyuta ya swichi ya ufunguo nayo huweka kumbukumbu, na mara nyingi anayerudisha kilomita hugusa moja akasahau nyingine. Katika gari la SBC kuna shahidi wa tatu. Pampu ya asili iliyokwisha hesabu mikanyago 280,000 ndani ya gari linalodai kilomita 60,000 inamaanisha breki ilikanyagwa zaidi ya mara nne na nusu kwa kila kilomita, tangu siku ya kwanza hadi leo. Hata foleni ya Ubungo au ya Thika Road, siku zote za mwaka, haifiki huko kwa urahisi. Muuzaji aulizwe kwanza kuhusu hesabu hiyo, na jibu lake lisikilizwe kabla ya kutaja bei yoyote.